Picha za zamani za tembe za ukoo, Dodoma na Singida: tutazame kilicho nyuma ya watu

Mwanamahame (mwanzisha uzi):

Wanajukwaa, mbukwenyi, kwa salamu yetu Wagogo.

Picha nyingi za zamani tunazozikuta katika masanduku ya familia zetu huku Dodoma, Manyoni, Mpwapwa na Kondoa zilipigwa kwa ajili ya watu: bwana harusi aliyejikaza mbele ya kamera, mtoto aliyetoka kupata kipaimara, baba mkubwa aliyerudi kutoka mkongeni na baiskeli mpya. Nyumba iliingia pichani kwa sababu tu mpiga picha alihitaji mahali pa kuwasimamisha. Leo watu wale tunawajua kwa majina na kwa makaburi, ilhali nyumba iliyo nyuma yao imetoweka, na mara nyingi ile picha ndiyo kitu pekee kilichobaki kuonyesha ilivyojengwa. Ninachopendekeza ni kwamba tuzisome picha hizi kuanzia nyuma kuja mbele, na tuzisome pamoja na wale waliolala ndani ya nyumba hizo. Mtoto wa miaka kumi wakati wa Operesheni Dodoma, ile ya 1970 na 1971 ya kuwahamishia watu katika vijiji, sasa ni mzee wa miaka sitini na kitu, na wale waliokuwa watu wazima wakati huo wamebaki wachache mno.

Kwa waliozaliwa mjini nieleze kidogo. Tembe ni nyumba ndefu na ya chini yenye paa bapa. Nguzo huchimbiwa zikikaribiana, hufungwa fito, kisha ukuta hukandikwa udongo. Juu hulazwa boriti, juu ya boriti matawi na nyasi, na juu ya hayo yote tabaka nene la udongo ulioshindiliwa. Nyumba huzunguka ua, upande mmoja ukiongezwa baada ya mwingine kadiri kaya inavyokua, na ng'ombe hulala katikati. Kila mke alikuwa na sehemu yake, yenye mlango wake unaofungukia uani. Paa la namna hii lisingemaliza hata masika moja Bukoba, lakini kwetu, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 tu, lilifaa kabisa: halikushika moto kwa urahisi, halikung'olewa na upepo wa kiangazi, lilizuia joto la mchana, na juu yake palianikwa mtama, uwele na maboga. Warangi, Wasandawe, Wanyaturu na Wahehe nao walijenga tembe, kila watu kwa namna yao.

Sasa tazameni picha niliyoiambatisha. Ni nyeusi na nyeupe, ina ukingo mweupe, na nyuma yake mtu ameandika "1964 nyumbani", basi. Kwa miaka yote ilikuwa ni picha ya babu na wake zake wawili. Shangazi alipoishika aliwapita wale watu kwa macho akaanza na paa. Juu ya mlango wa pili udongo una rangi nyepesi kuliko kwingineko. Akasema hicho ni kiraka kipya, na kwamba paa lilizibwa kila mwaka kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo picha ni ya Oktoba au Novemba. Kisha akaonyesha mstari unaoshuka ukutani kutoka paani hadi chini, ambao mtazamaji wa kawaida angeudhani kuwa ni mkwaruzo wa picha. Huo ni mshono. Upande wa kulia ulijengwa baadaye, bibi mdogo alipoolewa, na paa lake limeshuka kidogo kwa sababu miti mirefu ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa. Mlango wa tatu, ule mfinyu kuliko yote, ulikuwa wa ndama na mbuzi. Ndoa, uhaba wa miti na msimu wa mwaka vyote vimo katika ukuta huo, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa nyuma ya picha.

Watu walipohamishiwa katika vijiji na kupangwa kwa mistari, baadhi ya tembe zilibomolewa ili wenyewe wasirudi, na nyingine wenyewe walizing'oa nguzo wakajengee kwingine. Zilizoachwa zikiwa zimesimama nazo hazikudumu, kwa sababu moshi wa jikoni ndio uliokuwa ukiwazuia mchwa wasile boriti. Moto ulipozimika mchwa waliingia, na kwa kuwa udongo wa paa ukilowa huwa mzito sana, misimu michache ya mvua ilitosha kuangusha kila kitu. Ndiyo maana ukifika kwenye mahame leo unakuta tuta la udongo, vigae vya vyungu na jiwe la kusagia, na kama wewe si mtu wa pale utapita bila kujua kwamba palikuwa na kaya.

Mwenye picha aiweke, aeleze ilipigwa wapi, na aandike yale ambayo wazee wanasema kuhusu nyumba yenyewe.

Binti wa Haubi:

Shikamoo mwanzisha uzi, kama wewe ni mkubwa kwangu. Kama sivyo, habari za huko.

Sisi wa Kondoa tuna njia moja ya kukadiria umri wa picha ambayo watu wa Dodoma mjini huenda hawaifahamu, nayo ni mifugo. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la HADO, kwa sababu milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba makorongo yalikuwa yanaingia hadi kwenye mashamba na nyumba. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoathirika, eneo lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote walitoka.

Picha yetu inaonyesha ua wa tembe ya babu mzaa mama, ng'ombe wakiwa wamejaa uani, na nyuma ya paa unaona kilima kitupu chenye mifereji mirefu iliyochimbwa na maji, kisicho na mti hata mmoja. Nyumbani walikuwa wanasema ni ya 1985. Haiwezekani. Ng'ombe walioruhusiwa baadaye kwa ufugaji wa kulisha zizini ni wachache, wamefungiwa bandani, hawawezi kujaa uani namna ile. Na kilima kilekile leo kimefunikwa na miti na vichaka, jambo ambalo kwa kweli ni la kujivunia, ingawa mama bado hajausamehe mradi huo kuhusu ng'ombe wa baba yake.

Fundi Picha Majengo:

Salaam. Nimekuwa katika kazi ya picha tangu enzi za chumba cha giza, hivyo nichangie upande wa karatasi yenyewe.

Kabla ya kumuuliza mzee, igeuze picha. Nyuma huwa pana muhuri wa studio, na studio nyingi za miji ya relini zilihama mtaa au zilibadilisha jina, kwa hiyo muhuri peke yake unaweza kukupunguzia miaka ya kubahatisha. Kingo zilizokatwa kwa mawimbi zilipendwa sana kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950. Picha ndogo za mraba zilitoka kwenye kamera za filamu ya 120, na baada ya 1963 kwenye zile Instamatic ndogo ambazo watumishi na wamisionari walizipenda. Wasafishaji wengine wa filamu walichapa mwezi na mwaka pembeni, lakini huo ni mwezi wa kusafishwa. Filamu inaweza kukaa ndani ya kamera tangu Krismasi hadi Sabasaba.

Tafadhali msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Wino hupenya, na ukibonyeza unaacha alama upande wa mbele, mara nyingi juu ya uso wa mtu. Tumieni penseli laini, mwandike pembeni, na picha iwe juu ya kitu kigumu. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu msiibandue hata kidogo. Ipigeni au iskanini ikiwa palepale kwenye kioo. Zile albamu za kurasa za gundi zenye plastiki juu, zilizoingia mitaani miaka ya 1970 na 1980, ndizo zilizoharibu picha nyingi kuliko mvua. Ukitaka kuitoa picha humo, pitisha taratibu chini yake uzi mwembamba wa kusafishia meno, usivute kwa kucha. Picha za rangi za miaka hiyo hugeuka nyekundu au manjano hata zikikaa gizani, wakati nyeusi na nyeupe iliyooshwa vizuri bado inang'aa, kwa hiyo anzeni kuskani za rangi. Nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida; kwa ile ndogo kama kiberiti ongezeni hadi 1200. Asiye na skana apige kwa simu kivulini, mchana, bila fleshi, na simu iwe sambamba na picha.

Na mchwa. Huku kwetu sanduku la mbao lililowekwa sakafuni ni chakula chao. Tumieni bati la biskuti, juu ya rafu, mbali na ukuta.

Jambo la mwisho linanikera. Vijana wanachukua picha hizi wanazipitisha kwenye programu za akili mnemba ili "zisafishwe". Wiki hii mteja ameniletea picha ya kaya ya babu yake upande wa Bahi ili niichapishe kwa ukubwa wa ukutani. Programu imelitazama paa bapa la udongo, haikulielewa, ikaweka paa la nyasi lenye ncha, zuri kabisa, la mahali pasipo Ugogo. Babu mwenyewe amepewa meno. Nimekataa kuichapisha mpaka aniletee ile ya awali.

Mzee wa Chenene:

Vijana wangu, nimewasoma kwa furaha, ila kuna jambo mnalipita. Mnasema "nyumba ya ukoo" kana kwamba Mgogo alikaa mahali pamoja tangu babu wa babu. Sivyo tulivyoishi. Kaya ilihama. Mvua ikikataa upande huu, malisho yakiisha, ndugu wakigombana, au kifo kikipiga mfululizo, mwenye kaya alikwenda kuomba mahali kwingine, akajenga tembe nyingine, na ile ya kwanza ikawa mahame bila operesheni yoyote. Baba yangu alijenga zaidi ya mara moja kabla sijabalehe. Kilichotuunganisha ni ng'ombe, waliokuwa wametawanywa kwa ndugu na marafiki ili ukame usiwamalize wote mahali pamoja, na makaburi ya wazee ambako tulirudi kuomba mvua. Nyumba ilikuwa nyumba.

Kwa hiyo mtu akinionyesha picha akaniambia "hapa ndipo asili yetu", namuuliza: hapa kwa miaka mingapi? Nadhani maneno haya ya nyumba ya asili mmeyapata kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro, wenye kihamba na migomba isiyohamishika. Si kosa, lakini msije mkawalaumu wazee wenu kwamba waliacha urithi, wakati wao walikuwa wanafuata majani.

Mwanamahame:

Shikamoo mzee. Maneno yako yanaipa hoja nguvu kuliko unavyodhani, kwa maana kama kaya ilihama basi kila picha ni ya kituo kimoja tu cha safari, na bila maelezo hatuwezi kujua ni kituo gani. Katika picha yetu ya 1964 shangazi alitaja mahali palipoitwa kwa jina la mbuyu, kisha akataja mahali pengine walipotoka kabla ya hapo, ambapo hakuna picha kabisa. Ningeomba tuongeze katika kila picha swali hili: kaya ilitoka wapi kuja hapa, na ilikwenda wapi baadaye? Jibu lake ni ramani ya ukoo ambayo hakuna ofisi iliyoichora.

Tofauti niliyoiona mimi kati ya kuhama kule na kule kwa operesheni ni kwamba mwanzoni mwenye kaya alichagua siku, akachagua jirani. Mwaka 1971 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Chamwino akishiriki kufyatua matofali na wanakijiji, na zipo picha za siku zile zinazoonyesha nyumba mpya zilizonyooka. Wazee wengine wanazikumbuka kwa fahari kwa sababu zilikuja na shule na bomba la maji. Wengine wanakumbuka trekta lililosukuma ukuta. Katika ukoo mmoja unakuta wote wawili, na wote wanasema kweli.

Mjukuu Kibaigwa:

Samahani kwa kuingilia. Je, picha ya zamani ya tembe inaweza kutumika kudai shamba lililokuwa la babu? Mahame yetu yamo ndani ya ardhi iliyogawiwa watu wengine tangu wakati wa vijiji.

Karani Mstaafu:

Mjukuu, kwa ufupi: usijenge matumaini juu ya picha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, ilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, makusudi ili waliopewa ardhi wakati wa vijiji wasisumbuliwe na madai ya waliohamishwa. Picha ya nyumba inaonyesha kwamba nyumba ilikuwapo; haionyeshi mpaka, wala haifuti ugawaji huo.

Makaburi ni habari nyingine. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, inayotumika pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na fidia yake ni gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko. Kwa jinsi mji ulivyotanuka tangu serikali ilipohamia Dodoma, familia nyingi zimejikuta zinatakiwa kuonyesha makaburi ambayo hayana msalaba wala jiwe lenye jina. Hapo picha ina kazi, kwa sababu mzee anaweza kusema "kaburi la baba lilikuwa upande huu wa lango, hatua kadhaa kutoka kwenye huu mbuyu", na mbuyu ule bado umesimama. Wapigeni wazee picha wakiwa wameshika hizo za zamani mkononi, wakiwa palepale kwenye mahame, wakionyesha kwa kidole. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, ikiwa mzee bado anaweza kupanda gari.

Mwana wa Msagali:

Niongeze kwa wale wasio na picha yoyote nyumbani. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Wajerumani walipiga picha nyingi kandokando ya njia hiyo. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinahifadhi mkusanyiko wa picha wa iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, na unaweza kuutazama kwenye intaneti bila malipo. Nyaraka za Shirikisho za Ujerumani nazo ziliachia picha nyingi mwaka 2008, zikiwamo za mpiga picha Walther Dobbertin, aliyefanya kazi nchini mwetu kabla na wakati wa Vita vya Kwanza. Tafuteni kwa tahajia zao: Mpapua badala ya Mpwapwa, Kondoa-Irangi, Kilimatinde, Ugogo.

Mtakachokikuta kinaudhi. Kamanda ana jina, daraja lake lina jina, hata mbwa wakati mwingine ana jina. Wenye nyumba wameandikwa kabila tu. Lakini vilima vilivyo nyuma havijahama. Niliwahi kumwonyesha mjomba picha ya aina hiyo iliyoandikwa "Ugogo" peke yake, akataja mlima mara moja kwa jinsi mwamba wake ulivyopasuka juu. Hakujua nyumba ni ya nani, na sikumlazimisha aseme. Kuna picha nyingine za akina mama waliosimamishwa bila nguo za kutosha mbele ya milango yao. Hizo naomba tusizirushe humu hata kama nyumba inaonekana vizuri, maana ni bibi za watu.

Na kwa upande wa Kongwa, ule mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951 ulileta wapiga picha wengi, ila walipiga zaidi matrekta. Mara mojamoja utaona tembe kwa mbali, nyuma ya vumbi.

Binti wa Haubi:

Nimerudi. Nimemsomea mama uzi wote huu kwa simu, na ameipinga hesabu yangu ya 1979. Anasema yule ng'ombe aliye mbele kabisa, mwenye baka jeupe usoni na pembe moja iliyoinama kuelekea jichoni, alitolewa mahari ya kaka yake mkubwa, na harusi hiyo ilifanyika wiki ileile TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Bibi harusi alichelewa kufika kwa sababu lori lililokuwa limeahidiwa lilichukuliwa kupeleka watu kwenye sherehe za chama.

Mwanamahame:

Basi hiyo ni Februari 1977, kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Dada, andika hivyo kwa penseli, na mwulize mama yule ng'ombe alikuwa anaitwa nani. Ukipata jina, weka humu pamoja na picha iliyoskaniwa upya, maana hii uliyoituma imekatwa pembeni na nadhani kuna kihenge upande wa kushoto.